Chokaa ya Kila Mwaka

Jumapili, 2 Aprili

Tumefika, na tayari nina hasira na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye boti, aliyetuapia kwamba bahari imetulia. Imetulia nini! Nimeipakata cherehani yangu ya mkono njia nzima, huku Mama, na kifundo chake cha mguu kilichovunjika mwezi uliopita, amekaa juu ya gunia la chokaa anacheka. Wa pili ni wifi yangu, mke wa Kaka. Boti ilipogusa ufuko alishuka na simu yake na mkoba wake, basi. Mizigo mingine ni ya watumwa wake.

Nyumba ni ileile. Kuta za mawe, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani na kukunja miguu. Baba aliinunua kwa ajili ya likizo kabla sijazaliwa, na tangu afariki tumeendelea kuja kila mwaka, sisi wanne, msimu huu wa mvua. Wenzetu huenda likizo wakati wa jua. Sisi tunafuata ratiba ya Kaka: anafanya kazi kwenye mizani ya barabara kuu, anapima malori, na mvua zikikolea barabara hufungwa kwa magari mazito, hapo ndipo wakubwa wake wanapomwachia.

Tumempandisha Mama ghorofani kwa kiti, Kaka mbele, mimi nyuma, ngazi zenyewe zimesimama wima. Chini kuna chumba kizuri tu, kikavu. Amekikataa. "Mimi si mgeni hapa," amesema. Mgongo unaniuma na naandika nimelala kifudifudi.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua kutwa. Nimeshona pazia la Mama. Chumba chake ni kikubwa, na kona ya kuogea hutengwa kwa pazia lililoning'inizwa kwenye fimbo, na fimbo imefungwa kwa waya kwenye boriti ya katikati. La zamani limeoza. Hili ni la pamba nzito, kitambaa cha mteja aliyebadili mawazo baada ya kulipa. Nimelipima likiwa limening'inia, nikapiga pindo vidole viwili juu ya sakafu ili lisilowe watu wakioga. Pindo limenyooka. Mama amesema mikono yangu ina baraka, nami nikajifanya sikusikia ili arudie. Hakurudia.

Jumanne, 4 Aprili

Jua limetoka asubuhi, na Kaka hakungoja hata chai ipoe.

Paa letu ni bapa: boriti za miti, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa. Baba alikuwa na desturi yake. Kila tukifika, siku ya kwanza ya jua, alipanda akapaka tabaka jipya la chokaa na mchanga juu ya lile la mwaka uliopita, maji yasipenye. Alipofariki, Kaka alishika mwiko wa kujengea bila kuambiwa na mtu, na sijamwona akikosa mwaka hata mmoja. Akiwa juu sisi hukaa uani kumtania. Akishuka, mweupe mpaka kwenye nyusi, Mama ndiye humwagia ndoo ya kwanza, na sote tunapiga kelele.

Mwaka huu Mama hawezi kushuka, kwa hiyo Kaka ameingia chumbani kwake vilevile alivyo, akapiga magoti kando ya kitanda na kuinamisha kichwa juu ya beseni. Mama amemmwagia kwa kikombe. Kaka anacheka mwenyewe, ana furaha ya mtoto. Mama naye alicheka, kisha akageukia ukutani. Nikadhani ni mguu.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua. Tone limeanza chumbani kwa Mama, karibu na dirisha. Kaka amechukia utadhani ametukanwa. "Juzi tu nimepaka!" Amepanda kuangalia, akashuka, akapanda tena.

Wifi analala mchana. Kila siku tukimaliza kula anapanda kwa Mama, anatandika mkeka kando ya kitanda chake na kulala fofofo. Vyombo naosha mimi. Sisemi kitu, ila navigonganisha.

Jumamosi, 8 Aprili

Kaka amenicheka leo mbele ya watu wote. "Fundi mkubwa! Siku hizi unashona mapazia au mafagio?"

Nimepanda kuangalia. Kweli, pazia karibu linagusa sakafu. Nimepiga magoti, nimeliinua, nimeliachia. Vidole viwili niliacha, naapa. Nimesema labda fimbo imelegea, lakini waya umekaza. Basi nikalikunja upya nikiwa nimeketi sakafuni kama mwanafunzi aliyerudishiwa kazi, na Mama akinitazama bila kusema neno, jambo ambalo kwa Mama si la kawaida.

Nimekosea kipimo. Sijakosea kipimo tangu nilipokuwa naweka pini kinywani na kuogopa kuzimeza. Miwani hii nimeibadilisha mwaka jana. Macho yakienda na mikono itafuata, na mimi sina mume wala pensheni, nina mikono tu. Nimelia kidogo jikoni. Wifi ameingia, ameniona, ametoka. Hata kuuliza hakuuliza.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua. Boti hazitoki.

Jumatatu, 10 Aprili

Mlango wa chumba cha Mama unakwama. Leo nimeusukuma kwa bega huku nimeshika trei ya chai, na nusu ya chai imebaki kifuani kwangu. Kaka ameupiga randa juu. "Mbao imevimba kwa unyevu," amesema, na mlango umefunguka vizuri, kwa hiyo sina la kubisha.

Jumatano, 12 Aprili

Pazia limegusa sakafu tena. Si karibu kugusa. Limegusa, na pindo limelowa.

Kaka hakunicheka safari hii, amenihurumia, na hilo limenichoma zaidi. "Ni unyevu, mdogo wangu. Kitambaa kimerefuka." Nikamwambia mimi nafanya biashara ya kitambaa, yeye abaki na malori yake. Nimechukua kipande kilichobaki, nikakitia maji, nikakikausha juu ya jiko. Kimenywea, kama pamba yoyote inavyonywea. Hakijarefuka hata unywele.

Ndipo nikachukua futi yangu. Nimesimama juu ya kiti na kupima kutoka boriti mpaka sakafuni pale karibu na ukuta, kisha katikati ya chumba. Katikati ni pafupi. Nimepima tena, nimebadilisha kiti, nimevua miwani, nimevaa. Katikati ni pafupi kwa upana wa kiganja changu, na sakafu iko sawa, bilauri ya maji niliyoiweka chini inaonyesha. Kilichoshuka si pazia. Ni boriti, na paa lililo juu yake.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunisuta: kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Sikukosea! Nilikaribia kucheka pale juu ya kiti. Kisha nikatazama chini nikamwona Mama amelala chali, mdomo wazi, mguu juu ya mto, na boriti ile inapita moja kwa moja juu ya tumbo lake.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimemwambia Kaka. Nimempeleka, nimempimia mbele ya macho yake. Ameitazama boriti muda mrefu, kidevu mkononi, kama anavyotazama kila kitu.

"Ni hili tone," akasema. "Maji yanaingia kwenye mti, mti unalainika. Dawa yake ni kuziba."

"Kuziba kwa nini?"

"Kwa nini tena? Kwa chokaa. Nitapaka tabaka la pili, zito kidogo, hapa hapa juu ya Mama."

Sijawahi kuona paa likipakwa mara mbili katika msimu mmoja. Adhuhuri alikuwa ameshapata wapagazi sokoni, na magunia ya chokaa na mchanga yakaanza kupita mlangoni kwangu kwenda juu, moja baada ya jingine. Ameyapanga juu ya paa, pale pale juu ya chumba, ili yawe karibu na kazi, akayafunika turubai. Kila gunia lilipotuliwa nilisikia vumbi likishuka ndani ya dari. Nimesimama pale chini nikiwa na kijiko cha mchuzi mkononi na jambo likaanza kunijia kichwani, taratibu, nami nikawa nalikataa.

Nimemwomba Mama ashuke chini. Amesema hataki. Nimemwomba tena. Amesema nikiendelea kumwomba atanichapa kwa gongo lake.

Jumamosi, 15 Aprili

Mvua kutwa. Turubai limepeperuka. Magunia yanakunywa maji kule juu, na Kaka anazunguka dirishani akingoja jua.

Jumatatu, 17 Aprili

Leo nimelisema lile jambo, na nimelisema kwa Mama.

Nilingoja Kaka aende kuulizia boti na wifi aende kuteka maji. Nikakaa kitandani.

"Mama, boriti inashuka."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Inasema. Tangu mwaka juzi inasema. Mwanzo nilidhani ni panya, nikatega mtego." Akacheka kidogo. "Maskini mtego wangu."

"Si mvua, Mama. Ni uzito. Kila mwaka tabaka juu ya tabaka, tangu Baba, na hakuna aliyewahi kubandua la chini. Ile miti imebeba chokaa ya miaka yote hiyo."

"Nimekwambia najua. Punguza sauti."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikasema basi tumwambie Kaka, na Mama ahamie chini leo hii, saa hii. Mama akanishika mkono. Mkono wake bado una nguvu.

"Nikihamia chini ataniuliza kwa nini. Nimjibuje? Nimwambie kazi aliyoachiwa na baba yake ndiyo inayobomoa nyumba ya baba yake?"

"Ndiyo. Umwambie hivyo hivyo."

"Kule kazini anatukanwa na madereva kutwa. Jioni anarudi hana hata neno la kumwambia mkewe. Halafu anakuja hapa, siku moja kwa mwaka anapanda kule juu, anashuka amejaa chokaa, anafurahi. Wewe unamwona akifurahi wapi kwingine?"

Nikautazama mguu wake ulio juu ya mto.

"Ijumaa tunaondoka," Mama akasema. "Tukishaondoka, lianguke. Litaanguka peke yake, hakuna mtu ndani, na yeye atasema ni mvua. Atahuzunika, ila hatajilaumu. Ni siku chache tu. Niapie hutamwambia."

"Na likianguka kabla ya Ijumaa?"

"Halitaanguka."

"Nani kakwambia?"

"Niapie."

Nimeapa. Nina zaidi ya miaka arobaini, nina duka langu mwenyewe, nina wasichana wawili wanaonifanyia kazi na kuniogopa, na Mama akinishika mkono naapa kitu chochote. Nina hasira naye kiasi cha kutaka kumbeba mgongoni kwa nguvu na kumtupa chumba cha chini. Nampenda na nina hasira naye, na ninaogopa kila kinachodondoka.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua. Sijasema.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua. Sijasema. Boti ya Ijumaa haitakuja, bahari imechafuka, labda wiki ijayo. Mama alipoambiwa alifumba macho tu. Nimemkaripia wifi kwa ajili ya kijiko. Mlango umekwama tena na Kaka ameupiga randa tena. Nimeona maranda yaliyojikunja chini ya mlango, nikayafagia.

Alhamisi, 20 Aprili

Nataka kuandika kabla sijaanza kusahau mpangilio wa mambo.

Asubuhi mvua ilikatika ghafla na jua likatoka, jeupe. Nilikuwa jikoni nakanda unga. Nikasikia hatua za Kaka kwenye ngazi ya paa, anapanda mbilimbili, anapiga mluzi. Nikasikia Mama akimwita kutoka chumbani, "Mwanangu, pumzika leo!" naye akajibu, "Siwezi kukuacha unatonewa, Mama!" Nilisimama na unga mikononi. Nilijiambia nimeapa. Nilijiambia labda hataanza sasa hivi. Kisha paa lilitoa mlio ambao sijawahi kuusikia, mrefu, wa kitu kinachopasuka pole pole kwa urefu wake.

Nilipofika juu, mlango wa Mama ulikuwa umefungwa na haukusogea kabisa. Si kukwama kwa siku zote. Ni kama ulikuwa umejengewa ukutani.

"Mama!"

"Yupo salama," sauti ya wifi ikajibu kutoka ndani. Alikuwa anamsuka Mama nywele. "Kizingiti cha juu kimeukalia mlango. Usisukume, wifi. Ukisukuma vumbi linaanguka. Mwambie mume wangu asitembee."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Nikakimbilia ngazi ya paa.

Kaka alikuwa ameinama katikati, ndoo kando yake, mwiko mkononi, magunia yaliyolowa nyuma yake. Nikasema, "Kaka, simama hapo. Usipige hatua."

"Nini tena?"

"Paa linashuka. Mama na mkeo wako chini yako na mlango haufunguki."

"Ndiyo maana nataka kuziba hili..."

"Hivi ingekuwa lori," nikampigia kelele, "lori limekuja kwenye mizani yako limebeba haya yote, miaka yote hii, ungelipitisha?"

Alinitazama. Kisha akatazama miguu yake, kisha akatazama ukuta mdogo wa ukingo unaozunguka paa. Tulipokuwa watoto ukuta ule ulinifika kidevuni, na Baba mwenyewe ulimfika kiunoni, alikuwa anaegemea na kuvuta sigara. Leo ulikuwa unamfika Kaka chini ya magoti. Kila mwaka tulikuwa tukipanda pale na kuuona umekuwa mfupi, na tulidhani tumekua.

Niliona linavyomwingia. Sijui niandikeje. Uso wake haukubadilika, ila mwiko ulimtoka mkononi, na mikono ikabaki ilivyokuwa, imeshika hewa.

"Yote hii," akasema. "Baba na mimi."

"Tambaa," nikamwambia. "Tambaa mpaka ukutani, upite pembeni. Baadaye utaumia. Sasa tambaa."

Akatambaa. Mtu mzima, na kitambi chake, kwa tumbo juu ya chokaa mbichi, mpaka pembeni ambako boriti zimeshika ukuta, akaufuata ukuta mpaka kwenye ngazi. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kuupiga mlango kwa bega, na wifi akamkemea kutoka ndani kwa ukali ambao sikujua anao: "Usipige! Nimesema usipige!" Kitu kilidondoka mle ndani na Mama akaguna. "Ni kipande cha jiwe, kimeanguka pembeni," wifi akasema. "Toeni mbao za chini za mlango. Moja moja. Msigonge."

Kaka akaleta mtaimbo. Mlango wetu ni wa mbao zilizolazwa, zimepigiliwa misumari. Aliingiza ncha ya mtaimbo kwenye mwanya na kuukandamiza kwa uzito wa mwili wake, pole pole, misumari ikilia, nami nikashika kila ubao ili usianguke kwa kishindo. Wa kwanza. Tukangoja. Wa pili. Jasho lake lilikuwa linanidondokea shingoni. Juu kidogo ya vichwa vyetu kizingiti kilikuwa kimepinda na vumbi linatoka kwenye ukuta kama unga kwenye chekecheke. Ubao wa tatu ulipotoka niliona nywele za Mama, nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Wifi alikuwa amemlaza kwenye godoro sakafuni, akamfunika mto usoni, na yeye mwenyewe ameinama juu yake kwa mikono na magoti, mgongo juu. Alikuwa amekaa hivyo muda wote aliokuwa anazungumza na sisi. Akalisukuma godoro, sisi tukalivuta. Mguu ulinaswa kwenye ubao na Mama akapiga ukelele mmoja tu. Kisha akatoka. Kisha wifi, kwa tumbo, mweupe kuliko Kaka alivyowahi kuwa mweupe. Tukamshusha Mama na godoro lake kwenye ngazi zile zilizosimama wima, sijui tulimshushaje, mpaka uani, halafu Kaka akasema si hapa, mbele zaidi, tukatoka mpaka barabarani.

Mvua ilianza tena tukiwa kwa jirani, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alikuwa katikati ya kutueleza jinsi alivyokuwa anajua tangu zamani, paa likaanguka. Hata Redio alizimika. Sauti haikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Iliingia ndani, nzito, ikafuatiwa na vumbi lililotoka kwenye dirisha la Mama likitaka kupanda, na mvua ikalishusha.

Kaka alimgeukia Mama.

"Ulijua?"

Mama angeweza kudanganya. Nilitamani adanganye.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na ukawa unalala pale."

"Ulikuwa unashuka umefurahi," Mama akasema. "Ulikuwa unafanana naye."

Kaka alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa kama mtu mwenye maji masikioni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ungeniacha nikuue, Mama. Halafu wangenificha ukweli. Wangesema ni mvua, na mimi ningeamini, ningekwenda kutafuta paa jingine nilipakie chokaa."

Akanitazama mimi. Hakuuliza kama nilijua. Akatoka akasimama mvuani.

Ijumaa, 21 Aprili

Tuko kwa Redio, vyumba viwili. Kaka amefukua nguo zetu. Cherehani imepona. Hajaongea na Mama. Anamletea chakula, anauliza "umeshiba?", anaondoa sahani, hamtazami.

Nimeosha vyombo na wifi. Nilitaka kumshukuru, ikatoka vibaya, nikasema, "Kumbe ulikuwa hulali."

"Nilale vipi chini ya kelele ile?" akasema. "Nilijua hamtaniamini, mimi wa kuja. Nikasema angalau asiwe peke yake."

Miaka yote hii nimemwita mvivu moyoni, na mara nyingine si moyoni. Nimemshonea gauni. Yaani nimeanza. Hajui bado.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua kidogo. Mama halali, hali vizuri. Amenituma nikamwambie Kaka anamwita. Kaka amesema anakuja. Hakuja.

Jumatatu, 24 Aprili

Kaka amekuja kukaa nami jikoni leo. Amesema, "Na wewe ulijua." Nimesema ndiyo, Mama aliniapisha. Amesema hanichukii, ila hajui nini kingine tunamficha kwa kumpenda, na sasa kila anapochekewa anatazama juu. Nilikata nyuzi za gauni la wifi, naye akakaa akazikusanya moja moja kwenye kiganja.

Jumatano, 26 Aprili

Boti imekuja. Bahari imetulia, kweli safari hii.

Kutoka kwa Redio mpaka ufukweni hakuna njia ya kiti, ni mteremko wa mawe na matope. Tulikuwa tunajadili tumpeleke Mama vipi, Redio anatoa mapendekezo mfululizo, Kaka akaja kimya, akachuchumaa mbele ya Mama na kumpa mgongo. Mama alisita. Kisha akamshika shingo, na Kaka akainuka naye. Mimi na wifi tukafuata na mizigo, wifi amebeba cherehani yangu bila kuambiwa.

Tulifika katikati ya mteremko. Kaka alikuwa anahema, masikio mekundu.

"Nimekuwa mzito?" Mama akauliza.

Wifi alinitazama. Namjua Kaka. Maisha yake yote, swali kama hilo, angesema wewe ni mwepesi, Mama, hata sihisi kama nimebeba mtu.

"Mzito," akasema. "Mgongo unaniuma."

Niliona vidole vya Mama vikilegea begani, vikakaza tena.

"Basi niteremshe, nitajikongoja."

"Sikuteremshi. Umeuliza, nimekujibu."

Wakaenda hatua kadhaa. Kaka alikuwa ameshika njia ya kushoto, ile anayoipita tangu utotoni, ambayo kila mvua huwa utelezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kitu kuhusu njia ile.

"Unapita pabaya," Mama akasema. "Huku kunateleza. Pita kulia."

Kaka akasimama kidogo. Kisha akapita kulia.